Usingoje Maumivu

Leo tuzungumzie kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi.

Mwaka 1943, nchini Marekani, daktari Papanicolaou na mwenzake Traut walionyesha kwamba seli za mlango wa kizazi zikitazamwa kwa hadubini, mabadiliko huonekana mapema. Lakini jicho la binadamu huchoka.

Mwaka 1983, nchini Ujerumani, Harald zur Hausen na wenzake waligundua vinasaba vya virusi vya HPV ndani ya saratani hiyo. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, mara nyingi bila dalili yoyote. Siku hizi maabara hutafuta virusi vyenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kuanzia umri wa miaka 30, na 25 kwa anayeishi na VVU. Unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani.

Kukutwa na HPV si kuwa na saratani. Tena virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi, kwa hivyo msigombane na baba watoto.

Ulizia kipimo kituoni. Na bintiye miaka 10 apate chanjo, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2019.