Goti limesagika: Je, sindano za umeme zinasaidia kweli?

Kushuka ngazi ni shughuli. Kuchuchumaa haiwezekani tena. Vidonge vya maumivu vinatuliza kwa saa chache, halafu goti linarudi pale pale.

Wengi wakifika hapo huanza kutafuta tiba nyingine, na mojawapo ni akupancha ya umeme. Kabla hujatoa hela, soma haya.

Kusagika kwa goti ni nini?

Kitaalamu huitwa osteoathritisi. Gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, huchakaa taratibu. Goti linauma, linakakamaa asubuhi na wakati mwingine linavimba.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu. Goti ndilo linaloongoza kwa kuathirika, likiwa na wagonjwa milioni 365. Uzito mkubwa na majeraha ya zamani huongeza hatari.

Tiba yenyewe inafanyikaje?

Akupancha ni tiba ya asili ya China ya kuchoma sindano nyembamba sana kwenye sehemu maalumu za mwili. Kwenye hii ya umeme, nyaya hubanwa kwenye sindano zilizochomwa kuzunguka goti, kisha mashine ndogo hupitisha umeme kidogo. Mgonjwa huhisi mtekenyo au msuli kucheza, siyo maumivu makali.

Kwa nini umeme? Mwanasayansi wa China, Han Jisheng, alionyesha kuwa umeme huo huuchochea mfumo wa fahamu kutoa kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Mapigo 2 kwa sekunde hutoa aina moja, mapigo 100 hutoa nyingine.

Utafiti unasemaje?

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wagonjwa 480 nchini China. Waligawanywa makundi matatu: akupancha ya umeme, akupancha ya mkono, na sindano za geresha zilizochomwa juu juu bila umeme. Kila mmoja alipangiwa vikao vitatu kwa wiki, kwa wiki 8.

Mwishoni, asilimia 60 ya waliopata umeme walikuwa na nafuu ya maumivu na walilitumia goti vizuri zaidi. Kwa waliopata geresha, ilikuwa asilimia 47. Tofauti hiyo iliendelea kuonekana hadi wiki ya 26.

Maana yake ni hii: karibu nusu ya waliochomwa sindano za geresha nao walijisikia vizuri. Faida ya ziada ilikuwa kwa watu kama 13 kati ya 100. Ni faida ya kweli, lakini siyo muujiza. Na ilihitaji vikao 24, siyo kimoja.

Wataalamu hawajakubaliana

Mwaka 2019, chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilipendekeza akupancha kwa ugonjwa huu, ila kwa masharti. Mwaka 2022, taasisi ya NICE ya Uingereza ilielekeza wagonjwa wasipewe akupancha.

Nani awe makini?

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe umeme huu bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Wajawazito, wenye kifafa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wenye kidonda au maambukizi kwenye goti nao waanze kwa daktari.

Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako na zitupwe baada ya kutumika mara moja. Kwa Tanzania, uliza kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Usiache ya msingi

Anayekuahidi kuwa sindano zitarudisha gegedu iliyosagika anakudanganya. Tiba hii inagusa maumivu tu.

Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kwa aliyezidi ndiyo yanayopewa kipaumbele na miongozo yote miwili, ule wa Marekani na wa Uingereza. Kama sindano zitakupunguzia maumivu, tumia nafuu hiyo kuanza kutembea.

Na goti likivimba ghafla, likiwa jekundu na la moto, au ukipata homa, usiende kwa mtu wa sindano. Wahi hospitali.