Mifugo, Wajane na Majina: Kuwakumbuka Waliokufa Vitani Lodwar na Kakuma

Wilaya ya zamani ya Turkana, ambayo leo ni kaunti iliyo kaskazini magharibi mwa Kenya na inayopakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, ilikumbwa na vita kadhaa katika karne ya 20, lakini kumbukumbu ya waliokufa katika vita hivyo haikutegemea sana minara. Ilitunzwa na koo kwa njia ya mifugo, ndoa na uzao, na kwa sababu hiyo historia ya kuwakumbuka wapiganaji haitenganiki na historia ya wajane na mali waliyoachiwa.

Vita vya mwanzo vilikuwa vya Waturkana wenyewe dhidi ya utawala wa Waingereza. Wapiganaji wa viongozi kama Ebei walikabiliana na misafara ya kijeshi iliyofikia kilele mwaka 1918, pale vikosi vya King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililojulikana kwa wananchi kama Keya, vilipoungana na vikosi kutoka Sudan kuwashambulia Waturkana wa kaskazini na kuteka maelfu ya mifugo yao. Mwanahistoria John Lamphear, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1992, alikiita kipindi hicho wakati wa kutawanyika. Mila ilimwekea alama aliyeua kuliko aliyeuawa: mpiganaji aliyemuua adui alitakaswa kisha akachanjwa chale mwilini, ilhali kijana aliyeanguka mbali na nyumbani mara nyingi aliachwa porini, kwa kuwa kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye boma au mama mwenye watoto. Wajibu kwa marehemu ulitekelezwa nyumbani: mjane aliyekwisha kutolewa mahari alibaki katika ukoo wa mumewe, na kwa kawaida ndugu wa marehemu alimrithi, yaani alimchukua yeye na watoto chini ya ulinzi wake. Ukoo ulionyang'anywa mifugo ulinyang'anywa pia uwezo wa kutimiza wajibu huo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na namna yake ya kukumbuka. Mwaka 1928 ilizinduliwa jijini Nairobi sanamu ya shaba ya watu watatu, miongoni mwao askari wa Keya na mpagazi, yaani mtu aliyebeba mizigo ya jeshi, kwa heshima ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sanamu hiyo haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi wa kuwaenzi wafu wote kwa usawa, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina na pengine hawakukumbukwa kabisa. Hata hivyo, hesabu ya tume ni ya waliotumikia dola. Mturkana aliyeuawa mwaka 1918 akitetea ng'ombe wake hana nafasi humo.

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, Lodwar, makao makuu ya wilaya kando ya mto Turkwel, na Lokitaung iliyo kaskazini yake ziligeuka njia ya majeshi yaliyoelekea kusini magharibi mwa Ethiopia. Waturkana walipewa bunduki wakapigana kama wanamgambo, yaani wapiganaji wasio askari wa kuajiriwa, wakiwa sambamba na Keya. Waliopigana bila kuandikishwa rasmi walitegemea masimulizi ya jamaa zao ili wakumbukwe.

Tofauti hiyo kati ya orodha na ukoo ilijitokeza upya Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea hasa vijana wa Sudan waliokimbia kutoka Ethiopia mwaka uliotangulia, wengi wao wakiwa Wadinka na Wanuer. Jamii hizo mbili zina desturi ambayo wataalamu huiita ndoa ya mzimu: mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huoa kwa jina la marehemu, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu, hurithi jina lake na huendeleza ukoo wake. Desturi hiyo hulipiwa kwa ng'ombe, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan viliwaua wanaume huku vikiangamiza mifugo, na katika kambi iliyo kwenye ardhi ya wafugaji wengine wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga ng'ombe. Familia zilijikuta zina wafu wengi wa kuolewa wake na mali kidogo ya kutoa. Vijana takriban 3,800 walipohamishiwa Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, fedha walizotuma zilianza kuchukua nafasi ya ng'ombe katika mahari, na mzigo wa kaka aliyefariki ukamfuata mdogo wake hadi ughaibuni.

Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, huadhimisha Siku ya Mashahidi kila tarehe 30 Julai, siku aliyofariki John Garang, kiongozi wa vuguvugu la ukombozi la Sudan Kusini, mwaka 2005. Maadhimisho hayo huwaheshimu wote kwa pamoja, kama ilivyokusudiwa na sanamu ya Nairobi, na kwa taifa hilo yana thamani kubwa. Lakini hotuba haimpatii marehemu mrithi wala haimlishi mjane. Kazi hiyo bado ni ya ukoo, na dola inayotaka kuwaenzi wapiganaji wake kwa dhati italazimika kuusaidia ukoo huo kuibeba.