Meno ya Kahawia: Sababu Iliyotafutwa Miaka 30

Mgeni akifika katika vijiji vilivyo chini ya milima ya moto ya Kivu, upande wa Goma, haoni siku nyingi kabla ya kutambua jambo moja: vijana wengi wana madoa katika meno. Kwa wengine ni mistari myeupe kama chokaa, kwa wengine ni manjano, na kwa wengine ni kahawia kabisa, jino limejaa vishimo vidogo vidogo. Mgeni husema moyoni: hawa hawasafishi kinywa. Na neno hilo halibaki moyoni. Wenzao wa shuleni hulisema kwa sauti, na msichana wa miaka 15 hujifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Twataka kueleza madoa hayo yatoka wapi, maana wanaolaumiwa hawana kosa lolote, na jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa zamani, mbali sana na Kivu.

Kwanza tujue jino lilivyo. Ganda lake la nje, ambalo waganga huliita enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mtu. Chembe hai zinazolijenga hufanya kazi yao wakati jino lingali limefichwa ndani ya ufizi. Jino likisha kutokeza, chembe hizo zimekwisha kufa. Mfupa ukivunjika hujiunga, ngozi ikikatwa huota tena, lakini ganda la jino halijengwi mara ya pili. Meno ya mbele, yale ya kudumu, hujengwa tangu mwaka wa kwanza wa mtoto hata miaka 4 au 5 hivi. Mengine huendelea hata miaka 8, isipokuwa magego ya mwisho kabisa. Basi doa unaloliona kinywani mwa mtu wa miaka 40 ni habari ya utoto wake. Si la jana.

Kuna sababu nyingi za kuharibu kazi hiyo. Homa kali au njaa katika utoto huweza kuacha mstari juu ya jino. Dawa ya tetrasaiklini, akipewa mama mjamzito au mtoto mdogo, hutia meno rangi isiyotoka. Kuna na jamaa wanaorithi ganda bovu kutoka kwa wazazi. Lakini pale ambapo karibu watoto wote wa mji mmoja wana doa la namna moja, wa tajiri na wa maskini, wa ukoo huu na ule, haifai kusema habari za homa ya huyu au urithi wa yule. Hapo lazima kutafuta kitu ambacho wote hukitumia pamoja.

Aliyelishika jambo hili asiliache alikuwa mganga wa meno wa Marekani, jina lake Frederick McKay. Mwaka 1901, akiwa kijana aliyetoka shuleni juzi tu, alifika Colorado Springs, mji wa milimani. Akaona wenyeji wengi wana meno ya kahawia, mengine kama rangi ya chokoleti. Akatafuta katika vitabu vyake, hakuna neno. Akawauliza watu, kila mmoja akawa na jibu lake: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine ni maziwa mabaya, wengine ni maji yenye chokaa nyingi. Waganga wenzake walikuwa wamezoea madoa hayo hata hawakuyaona tena.

Mwaka uleule wa 1901, mganga mwingine wa Marekani, jina lake Eager, alikuwa Naples, Italia, akiwapima watu waliotaka kuhamia Marekani. Naye aliandika habari za watu wa Pozzuoli wenye meno meusi, akataja mivuke ya volkano, ama iliyo hewani, ama iliyoingia katika maji. Pozzuoli ni nchi ya milima ya moto kama Goma. Neno la kweli lilikuwa limekwisha kusemwa, lakini pasipo ushahidi.

McKay alimwita Chicago mtu mkubwa kuliko wote katika elimu ya meno siku zile, mzee G. V. Black. Huyu kwanza hakusadiki kwamba ugonjwa wa namna hii ungeweza kuwako pasipo kuandikwa. Lakini watoto wa shule 2,945 walikuwa wamekwisha kutazamwa, na katika wale waliozaliwa pale karibu 9 kwa kila 10 walikuwa na dalili. Mzee akaja mwenyewe mwaka 1909, akafanya kazi hiyo hata kufa kwake mwaka 1915. Wawili hao waligundua mambo mawili. La kwanza: mtu aliyehamia pale akiwa mkubwa, meno yake yamekwisha kukomaa, hakupata doa hata kidogo. La pili liliwashangaza: meno yenye madoa hayakuoza upesi kama meno mengine. Mtu angetazamia kinyume, maana ganda lililoharibika lingepaswa kuoza kwanza. Tulishike neno hili, litarudi.

Miaka ikapita. Mwaka 1923 McKay alisafiri mpaka Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho. Wazazi wa pale walimwambia: watoto wetu hawakuwa na madoa haya mpaka tulipojenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya moto iliyo maili 5. McKay akapima maji yale. Hakuona kitu cha kushuku. Hata hivyo akawashauri waache bomba, watumie chemchemi nyingine ya karibu. Tunamstahi mtu huyu hasa kwa shauri hilo. Hakuwa na jina la sumu, hakuwa na hesabu yake, lakini alikuwa na wazazi waliotazama vizuri vinywa vya watoto wao, akawasadiki. Baada ya miaka michache wadogo wakaanza kuota meno meupe, na kaka zao wakabaki na madoa yao.

Jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Katika jimbo la Arkansas kuna mji uitwao Bauxite, uliojengwa na kampuni ya aluminiamu ya ALCOA kwa ajili ya wachimbaji wake. Mwaka 1928 McKay na Dr. Grover Kempf wa idara ya afya ya serikali walikwenda huko. Watoto wa Bauxite walikuwa na madoa, na wa Benton, mji wa jirani, hawana. Habari hiyo ikasomwa na mkuu wa maabara ya kampuni, H. V. Churchill. Siku zile watu wengine walikuwa wakieneza neno kwamba sufuria za aluminiamu zina sumu. Churchill akaogopa: watu wakisikia habari za Bauxite watasema, tazama, aluminiamu ndiyo inayoharibu meno! Akaamua kupima maji yale kwa chombo kinachotenga nuru ya kitu kikiungua, ambacho huonyesha hata vitu visivyotafutwa na mtu. Mwaka 1931 akaona floraidi, miligramu 13.7 katika lita moja. Hakusadiki, akaagiza maji mengine, yakapimwa upya, hesabu ikawa ileile. Ndipo akamwandikia McKay, naye akamletea maji kutoka miji mingine ya madoa. Yote yalikuwa na floraidi nyingi.

Kumbe miaka 30 waganga walipima maji, lakini kila mmoja alipima vitu alivyovizoea. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kile ulimi hauitambui. Na katika mwaka uleule wa 1931 wengine nao walifika mlango huohuo kwa njia zao: huko Arizona Bibi Margaret Smith na wenzake waliwanywesha panya maji ya kijiji chenye madoa, na meno ya panya yakaharibika, na huko Afrika ya Kaskazini Mfaransa Velu, mganga wa wanyama, alionyesha kwamba ugonjwa wa meno ulioitwa darmous, uliopata kondoo katika nchi ya fosfati, watoka katika floraidi.

Habari za lile jambo la pili, la meno yasiyooza, zilifuatwa na mganga wa serikali, Trendley Dean. Alipima maji na vinywa katika miji mingi, akaona kwamba penye miligramu 1 hivi katika lita, madoa karibu hayaonekani, lakini meno hukingwa yasioze. Ndiyo sababu tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ulianza kutia floraidi kidogo katika maji yake kwa makusudi. Watu wa Marekani hubishana juu ya jambo hilo hata leo. Sisi hatuingii katika ubishi wao, maana shida yetu ni kinyume chake: maji ya kwetu yametiwa na mlima, wala mlima haupimi.

Bonde kubwa lenye milima ya moto linashuka toka Uhabeshi, likapita Kenya na Tanzania, na tawi lake la magharibi lapita Kivu. Kote huko madoa hayo yanajulikana. Upande wa Arusha visima na mito mingi ina floraidi kupita miligramu 1.5 katika lita, ambayo ni mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Na magadi ambayo akina mama hutia katika maharagwe ili yaive upesi huongeza tena. Kwetu Goma njia ni nyingine. Mawe ya volkano hunywa maji yote, mito ni haba, basi watu hukinga mvua ya bati katika matangi. Mvua hiyo ikipita katika moshi wa Nyiragongo huchukua floraidi ndani yake. Milipuko ya 1977, 2002 na 2021 kila mtu aikumbuka, kwa sababu ya moto na nyumba zilizoteketea. Moshi haukimbizi mtu, wala hakuna anayeuandika katika kalenda, lakini ndio unaoingia katika kikombe cha mtoto.

Wazazi huuliza: tuchemshe? Kuchemsha huua vijidudu, na kwa ajili hiyo tuchemshe daima. Lakini floraidi haitoki kwa moto, bali huzidi kidogo maji yakipungua. Na vijana wakubwa huuliza: je, tusugue kwa mchanga au majivu? Hapana. Doa limo ndani ya ganda, na anayesugua hivyo hupunguza ganda lenyewe. Mganga wa meno aweza kulainisha doa dogo, au kulifunika. Kazi hiyo ina gharama yake. Na mahali ambapo floraidi ni nyingi sana, kwa miaka mingi, huumiza hata mifupa ya watu wazima, viungo vikakakamaa. Kwa hiyo si habari ya uzuri tu.

Kwa watoto lakini njia iko, nasi twafurahi kuitaja kwa sababu imefanywa ndani ya Kanisa. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, limekuwa likichuja maji kwa makaa ya mifupa. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuru pasipo hewa nyingi, husagwa, huoshwa, kisha hujazwa katika ndoo au tangi, na maji hupitishwa humo polepole. Floraidi hushikwa na mfupa kwa sababu ileile inayoifanya ishikwe na jino, maana madini ya mfupa na ya ganda la jino ni ya jamii moja. Makaa hayo yakisha kushiba hayashiki tena, na maji hutoka yakiwa safi machoni kama siku ya kwanza. Kwa hiyo huko Nakuru maji yanayotoka chujioni hupimwa, na makaa hubadilishwa.