Makaburi ya Tierradentro: Nyumba za Chini ya Ardhi za Watu Ambao Hakuna Anayejua Majina Yao

Muulize mtu yeyote aliyesoma historia kidogo akutajie watu wa kale wa Amerika, majibu yatakuja fasta: Inka, Maya, Azteki. Hao wana bahati yao. Wana majina, wana wafalme wanaotajwa vitabuni, wana filamu na magemu ya kwenye simu. Sasa nenda kusini magharibi mwa Colombia, kwenye milima ya Andes. Huko kuna watu waliochonga vyumba vya ajabu chini ya ardhi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo hakuna anayejua wenyewe walijiitaje. Mfalme wao hajulikani, fundi wao hajulikani, hata jina la kabila lao hakuna.

Jina linalotumika leo, Tierradentro, sio lao. Ni la Wahispania, waliofika pande hizo miaka ya 1530 wakakuta milima mikali na mabonde ambayo kuingia ni kazi, kutoka ni kazi. Wakapaita "nchi ya ndani". Na waliochonga yale makaburi walikuwa wameshaacha kuyachonga kwa zaidi ya miaka 500. Yaani hata mgeni wa kwanza kuandika habari za eneo lile alichelewa mno kuwauliza.

KABURI LENYE NGAZI

Futa kwanza picha ya kaburi unayoijua wewe, ile ya shimo la futi sita na udongo juu. Haya ni mambo mengine kabisa.

Unafika juu ya kilima. Unaona tundu ardhini. Ndani ya tundu kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, nyingine zimenyooka, nyingine zinakata kona, nyingine zinazunguka kama za mnara. Vidato vyenyewe ni virefu, mtu mzima anashuka kwa kushikilia ukuta. Unashuka mita tano, kwingine mpaka saba au nane. Ukifika chini, kunafunguka chumba.

Na sio kichumba cha kujibana. Kwa mujibu wa UNESCO, vyumba vikubwa zaidi vina upana wa hadi mita 12. Hebu pima hapo ulipo, halafu fikiria sebule ya upana huo ikiwa imechimbwa chini ya kilima. Katikati zimeachwa nguzo nene za mwamba kushikilia dari. Pembeni kuzunguka ukuta kuna vijichumba vidogo, kama vishubaka vikubwa. Kwenye baadhi ya nguzo zimechongwa nyuso za watu, mtu na macho yake na pua yake, anakutazama.

Halafu sasa rangi. Kuta zimepakwa nyeupe, kisha juu yake zimechorwa kwa nyekundu na nyeusi. Kuna mistari inayokatizana na kutengeneza maumbo ya pembe nne yaliyolala upande, kama kashata zilivyokatwa kwenye sinia, mstari baada ya mstari mpaka darini. Kuna duara, kuna wanyama wa jamii ya mjusi, kuna watu. Miaka zaidi ya 1,000 imepita na kwenye vyumba vilivyobaki salama rangi bado inaonekana.

Wataalamu wanasema makaburi haya yalichongwa kati ya karne ya 6 na ya 10 baada ya Kristo. Mwamba wenyewe ni wa majivu ya volkano yaliyoshikana, kwa hiyo ni laini kuliko mawe mengi. Ila usidanganyike na neno laini. Hawa watu hawakuwa na chuma. Walichimba kwa zana za mawe, na kwenye kuta nyingine alama za zana hizo bado zipo. Na kila kipande cha mwamba kilichokatwa kule chini kilipaswa kupandishwa juu kwa mikono, kwa njia ile ile ya ngazi. Tena gizani, kwa mwanga wa moto.

KWA NINI UHANGAIKE HIVYO KWA AJILI YA MFU?

Hapa ndipo stori inaponoga.

Makaburi haya hayakuwa ya kumlaza marehemu siku aliyofariki. Mtu akifa alizikwa kwanza mahali pengine, kwenye kaburi la kawaida. Muda ukipita, mwili ukishakwisha, ndugu walirudi wakaifukua mifupa. Hiyo mifupa ndiyo iliyopelekwa chini, ikawekwa kwenye vyungu vya udongo, na baadhi ya vyungu vimepambwa kwa nyoka na mijusi ya udongo iliyobandikwa nje. Ni mazishi ya mara mbili: ya kwanza ya kuaga mwili, ya pili ya kumhamishia marehemu nyumbani.

Na hapo neno "nyumbani" sio la kupamba maandishi. Michoro na maumbo ya ndani ya makaburi yanafuata muonekano wa ndani wa nyumba za wakati ule. Dari nyingine zimechongwa zikiteremka kama paa. Nguzo zinasimama pale ambapo nguzo za nyumba zingesimama. Kwa maneno mengine, waliteremka chini ya ardhi wakaijenga upya nyumba yao kwa mwamba, wakapaka rangi, halafu wakawaingiza wazee wao mmoja mmoja.

Sasa fikiria. Nyumba zao za juu, zile walizolala na kupika, zilikuwa za miti, udongo na majani. Mvua ya Andes haina huruma. Zote zimeoza. Kilichobaki ni sehemu zilizosawazishwa kwenye vilima ambako nyumba zilisimama. Kwa hiyo leo ukitaka kujua sebule ya hawa watu ilifananaje, huwezi kwenda walikoishi, inabidi ushuke kaburini.

Kitu kingine cha kuangalia ni kwamba chumba kimoja hakikuwa cha mtu mmoja. Vyungu vilikuwa vingi, mifupa ya watu wengi pamoja. Ndio, wataalamu wanaona kwamba kazi kubwa hivi inaonyesha jamii yenye ngazi zake, kuna wenye uwezo na wasio na uwezo, na sio kila mtu aliishia kwenye chumba cha mita 12. Lakini hata aliyeingia humo aliingia kuungana na waliomtangulia. Hakuna jiwe lenye jina lake. Watu wa eneo hili hawakuwa na maandishi, kwa hiyo jina la marehemu lilikaa midomoni mwa waliomjua, na wao walipokwisha likaisha nalo.

WALIOTANGULIA KUFIKA NI WEZI

Pale Tierradentro makaburi yametawanyika kwenye vilima kadhaa karibu na kijiji cha San Andrés de Pisimbalá. Kilima cha Segovia ndicho kinachojulikana zaidi, kina makaburi karibu 30, na ndiko rangi na michoro vilikohifadhiwa vizuri zaidi. Kuna kilima cha Duende, kuna San Andrés. Halafu kuna Aguacate, huko juu kabisa, ambako makaburi yamepangana kwenye mgongo wa mlima na ukisimama hapo unaona mabonde pande zote mbili.

Aguacate ndiko kunakouma. Wezi walifika zamani. Colombia wana jina lao maalumu, guaquero, mtu anayefukua makaburi ya kale kutafuta dhahabu. Hawakuja na daftari wala brashi, walikuja na sururu. Vyungu visivyo na bei vilivunjwa, mifupa ikatupwa huku na kule, kuta zikachubuliwa. Ukishuka leo kwenye mengi ya makaburi yale unakuta mashimo matupu na vipande vya rangi ukutani.

Mtu anaweza kusema, sawa, dhahabu imeibwa, mbona ni kawaida duniani. Lakini angalia hasara yenyewe iko wapi. Hii ni jamii isiyo na kitabu. Taarifa zao zote zilikuwa kwenye mpangilio: chungu kipi kilikaa kando ya kipi, mifupa ya mtoto iliwekwa na ya nani, nani alipewa pambo na nani hakupewa. Mwanaakiolojia akikuta chumba hakijaguswa anaweza kusoma ukoo mzima humo. Mwizi akishapita, chungu kikahamishwa hata nusu mita bila kuandikwa popote, taarifa hiyo imekufa na hairudi. Dhahabu unaweza kuikamata uwanja wa ndege ikarudishwa. Mpangilio haukamatwi.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini hawa watu hawajulikani, jibu moja ni muda, na jibu la pili ni mikono ya watu waliokuwa na haraka ya pesa.

WANAOISHI JUU YA MAKABURI

Usije ukadhani eneo lile ni pori tupu la kumbukumbu. Kuna watu, na wana jina lao: ni Wanasa, ambao vitabu vingi vinawaita Wapáez. Lugha yao, Nasa Yuwe, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Mababu zao ndio waliopambana na Wahispania kwenye mabonde hayo. Mpaka leo wanalima pale, wana uongozi wao na ardhi yao ya pamoja.

Je, wao ndio wajukuu wa wachonga makaburi? Hakuna ushahidi uliothibitisha ukoo wa moja kwa moja, na pengo la karne kadhaa katikati sio dogo. Lakini kuna jambo moja ambalo vipimo haviligusi. Wao ndio wanaolala na kuamka juu ya vyumba hivyo, wao ndio waliozika watu wao kwenye udongo huo huo kwa mamia ya miaka.

Tarehe 6 Juni 1994 tetemeko kubwa lilipiga eneo lile. Milima iliporomoka, tope likashuka na mto Páez likafagia vijiji. Mamia ya watu walipoteza maisha, wengi wao Wanasa, na familia nyingi zikahamishiwa mbali na ardhi yao. Mwaka uliofuata, 1995, UNESCO ikaiweka Tierradentro kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya miaka miwili dunia ililijua jina la Tierradentro mara mbili: mara moja kwa sababu ya waliokufa juzi, mara nyingine kwa sababu ya waliokufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Leo hifadhi ya makaburi iko chini ya taasisi ya serikali ya Colombia inayoshughulikia akiolojia. Vitu vya dhahabu kutoka Tierradentro utavikuta kwenye Makumbusho ya Dhahabu jijini Bogotá, mbali na vilima vilikotoka. Makaburi mengi yana mifuniko na milango, na adui mkubwa sasa ni unyevu, mizizi na pumzi za watalii zinazolainisha rangi ukutani.

Hapo ndipo swali linapobaki, na sio swali la Colombia peke yake. Serikali ina wataalamu na funguo. Makumbusho yana vioo na walinzi. Wanasa wana ardhi na wanaishi hapo hapo. Wenyewe waliochonga hawana hata jina la kuandika kwenye barua ya madai.

Kama ungepewa wewe uamuzi, dhahabu ya makaburi yale ungeiacha Bogotá inakolindwa, au ungeirudisha kule mlimani, kwa watu wanaoishi juu ya makaburi? Tupia jibu lako hapo chini, na useme kwa nini.