Fedha za afyuni zilivyofika vitani

Dawa za kulevya na ugaidi huunganishwa na fedha. Chukua mfano wa Afghanistan. Heroini hutengenezwa kwa afyuni, utomvu wa mmea wa popi. Taliban, kundi lililowahifadhi al-Qaeda, liliwatoza wakulima ushuru, mara nyingi sehemu ya kumi ya mavuno, na wasafirishaji walilipia njia. Fedha hizo zilisaidia kugharimia vita.

Sehemu ya heroini hiyo husafirishwa kwa majahazi hadi Afrika Mashariki. Aprili 2014, manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 nje ya pwani ya Kenya.

Si kila msafirishaji ni gaidi. Wengi hutafuta faida tu. Lakini kila anayelipa njiani hajui fedha yake itanunua nini.

Mwaka 2022 Taliban, wakiwa madarakani, walipiga marufuku kilimo hicho.