UZI: Bangi ikihalalishwa, mfanyakazi atalindwa na nani?

1/ Kila msimu wa siasa hapa Kenya lazima mtu apande jukwaani aseme tuhalalishe bangi, tuuze nje, tulipe madeni. Upande wa pili unajibu kwa maandiko na habari za vijana kuharibika. Mimi leo sitetei upande wowote. Nauliza swali ambalo wote wawili huliruka: yule atakayeamka asubuhi kwenda kazini kwenye hiyo biashara halali, hali yake itakuwaje? Si lazima tubahatishe. Marekani wamepitia hayo kwa miaka mingi, tuangalie historia yao.

2/ Mwaka 1970 sheria ya Marekani iliiweka bangi kundi moja na heroini. 1996 wapiga kura wa California wakairuhusu kama dawa. 2012 Colorado na Washington wakaruhusu hata ya kujiburudisha, na tarehe 1 Januari 2014 maduka ya Colorado yakafunguliwa. Lakini sheria ya serikali kuu ilibaki palepale. Chukulia kaunti yako imekupa leseni ya duka, halafu serikali ya kitaifa bado inakuita mlanguzi. Shida nyingi za wafanyakazi zilianzia kwa huo mgongano.

3/ Anza na benki. Pesa ya bangi, machoni pa serikali kuu, ilikuwa pesa ya uhalifu. 2014 wizara ya fedha ilitoa mwongozo wa jinsi benki zinaweza kuhudumia maduka haya, lakini nyingi zilijitenga. Kwa hivyo biashara ikaenda kwa noti: mishahara kwa noti, kodi kwa noti. Na mahali penye noti nyingi, majambazi hufika. Juni 2016 mlinzi wa duka moja mjini Aurora, Colorado, alipigwa risasi akafa katika jaribio la wizi. 2019 Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kulinda benki. Seneti haikuupitisha.

4/ Kisha ushuru. 1981 mahakama ilimruhusu muuzaji wa dawa za kulevya kuondoa gharama zake kabla ya kutozwa kodi. Wabunge wakakasirika, na 1982 wakaziba huo mwanya. Walikuwa wanawinda walanguzi, lakini miaka mingi baadaye kifungu hicho kikaangukia maduka yenye leseni. Piga hesabu: umeuza ya 100, bidhaa ilikugharimu 60, mishahara na kodi ya nyumba 30. Faida yako ya kweli ni 10. Lakini unatozwa kana kwamba ulipata 40, kwa sababu zile 30 hazihesabiwi. Kwa asilimia 21, unalipa 8.40, unabaki na 1.60. Sasa niambie, mwenye duka akibanwa hivyo, nyongeza ya mshahara itatoka wapi?

5/ Hii inawahusu hata jamaa zetu walio ng'ambo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo: mwenye grini kadi anayefanya kazi kwenye bangi, hata kama jimbo lake limeiruhusu, anaweza kunyimwa uraia kwa kukosa "tabia njema". Si kuvuta, ni kufanya kazi tu. Unalipa ushuru, mwajiri ana leseni ukutani, na bado faili yako ina doa.

6/ Halafu kuna mapafu. Januari 2022 mwanamke wa miaka 27 aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bangi Massachusetts alianguka kazini, akafa kwa pumu. Alikuwa mahali bangi inasagwa na kufungwa, vumbi limejaa. 2023 maafisa wa afya walieleza kuwa hicho ndicho kifo cha kwanza cha pumu kurekodiwa kwenye sekta hiyo Marekani. Kitu kikifichwa kwa miongo, hata utafiti wa kumlinda anayekishika unachelewa.

7/ Mtu atasema hayo ni ya Wamarekani. Haya, rudi Afrika. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa 2017, kabla ya nchi nyingine yoyote barani. Wakulima wa milimani walikuwa wameilima vizazi na vizazi. Lakini ada na masharti yalikuwa mazito, leseni zikaenda kwa kampuni zenye mtaji wa kigeni. Mwenye shamba dogo akabaki na mmea uleule, na hatari ileile ya polisi.

8/ Huku kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 1994 bado inakataza. Ikija kujadiliwa, usipige makofi wala kuzomea kabla ya kumuuliza mgombea wako haya: Leseni itauzwa pesa ngapi, na mkulima wa ekari moja ataiweza? Benki zitapokea hiyo pesa? Ni sheria gani zingine zitabadilishwa siku hiyohiyo? Nani atakagua vumbi kiwandani? Na waliofungwa kwa misokoto miwili, watafanyiwa nini?

Akikujibu kwa hesabu ya mabilioni pekee, ujue bado hajafikiria kuhusu mfanyakazi.