Kipande cha nyama na habari za kesho

Huku juu Manyovu asubuhi hutoki bila sweta, wakati chini Kigoma mjini, kando ya ziwa, watu wanajipepea. Shikilieni hapo, nitaurudia mwinuko huo.

Baba yangu mdogo ana kidonda ubavuni mwa ulimi, mwezi wa pili sasa hakijapona. Daktari anataka kukata kipande kidogo kikapimwe kwa darubini. Mzee hataki. "Mwanangu, nipewe dawa tu. Kipande cha nyama kitawaambia nini?"

Nikamsimulia ya Burkitt.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 akauandika ugonjwa ule kama sarkoma ya taya. Mwaka 1960 wataalamu wa darubini, George O'Conor na Jack Davies, wakaona kingine: uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari kwa watoto wale ulikuwa ugonjwa mmoja, limfoma. Chini ya lenzi ulifanana na anga lenye nyota.

Jina likabadili matibabu. Badala ya kutegemea kisu, walitumia dawa. Uvimbe ukanywea, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ikaonekana kwamba karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa ule ni adimu. Huku kwenye baridi malaria hupungua, na malaria ni mshirika wake.

Ulimi nao una siri zake. Siku hizi upana wa kidonda peke yake hautoshi. Darubini hupima kimezama kiasi gani: kikipita milimita 5, hata kama kwa macho ni kidogo, hupandishwa hatua. Huangalia pia kama seli zinafuata mishipa ya fahamu. Hapo ndipo daktari hupima uwezekano wa ugonjwa kurudi, na kama tezi za shingoni nazo ziondolewe.

Mzee akanyamaza. Kisha: "Wale watoto walipona kweli?"

Wengine, baba. Sio wote.

Kesho tunapanda basi la alfajiri.